Mguu wa Shangazi

Niliwahi kufika. Nikafuta meza mara mbili,
nikapanga chupa za maji zitazamane
kama mashahidi wa ndoa.
Ofisi ya chama, Rahaleo, Lindi, juu ya duka la vipuri:
feni moja, kalenda ya mwaka jana,
na ufuta wa sampuli ndani ya bakuli la kaure
tuliloazima kwa mke wa mhasibu.

Wageni kutoka Osaka waliingia saa tatu.
Saa tatu ya saa, siyo saa tatu ya watu.
Mwenyekiti Likanga alikuwa bado kwenye ngazi
anamjulia hali muuza vipuri:
watoto? mama? na ule mguu wa shangazi?
Wageni wakauliza anasema nini.
Nikatafsiri yote, mpaka mguu.

Bwana Morita alitoa kadi kwa mikono miwili,
akaiinamia
kama anayekabidhi kichanga.
Mwenyekiti akaipokea kwa mkono wa kulia,
kwa adabu yote aliyolelewa nayo,
akaitia mfuko wa nyuma wa suruali,
akaikalia.

Nililiona jicho la mgeni likishuka hadi kwenye kiti,
likabaki huko.
Mimi ni mkalimani, nalipwa kwa maneno.
Lile halikuwa neno.

Na wao, kabla hata ya habari za safari,
wakatandaza karatasi ya unyevu na takataka kwa asilimia.
Likanga akaukunja uso taratibu,
kama mkeka msiba ukishaisha.

Ikaja bei.
Morita akavuta pumzi katikati ya meno, akasema:
hilo litakuwa gumu kidogo.
Likanga akaitazama feni, akasema:
tutaona, Mungu akipenda.
Chitanda, karani wetu, kijana wa juzi,
akaandika kwenye daftari: Wanakaribia kuafikiana.

Nami peke yangu mle ndani nilizisikia hapana mbili,
moja ya kanzu, moja ya tai,
zimekutana mlangoni,
kila moja inaibembeleza mwenzake:
pita wewe kwanza.

Chuoni walituapisha: usiongeze, usipunguze.
Sikuongeza. Niliomba chai tu.

Somoe aliingia bila hodi, na sinia la ming'oko
iliyochemshwa, bado inafuka.
Morita akamenya mmoja polepole,
akayapanga maganda kwenye karatasi ya unyevu, mstari mmoja,
akauliza jina lake.
Mi-ngo-ko, akasema. Mi-go-ko.
Hapana, hapana, Likanga akainuka, akajiinamisha mezani,
akaonyesha koo lake kwa kidole: ng', ng',
kama ng'ombe, sikia,
na kadi ikachomoka, ikaanguka sakafuni.

Feni ilizunguka. Hakuna aliyetafuna.

Likanga akaiokota. Imepinda, ina joto la mtu.
Akainyoosha juu ya paja, mara moja, mara ya pili,
akaiweka mbele yake, kando ya bakuli, jina likimtazama.
Mwambie, akaniambia, sisi mfuko wa nyuma ndio wa pesa.
Sijui kama ni kweli. Nilimwambia.
Morita akainama, chini kidogo kuliko mara ya kwanza,
akasema: ming'oko.
Vizuri kabisa.

Bei haikusogea.
Wakarudia yaleyale, gumu kidogo, tutaona,
na safari hii nilichoka, au nilipata akili:
gumu kidogo nikaifanya tutaona,
tutaona nikaifanya gumu kidogo.
Hakuna aliyenisahihisha.

Jioni nilirudisha bakuli. Punje tatu zilikuwa zimeganda ukingoni.
Mke wa mhasibu akaniuliza: wamenunua?
Nikamwambia: watarudi Jumatano.
Umejuaje?
Nikamwambia, yule mkubwa wao, tulipokuwa tunashuka ngazi,
alisimama dukani, akavua miwani,
akanituma nimuulize muuza vipuri
mguu wa shangazi unaendeleaje.